Kalavati ni dogo

Mhariri,

Wiki iliyopita tulikuwa na kikao cha mtaa kuhusu mtaro unaofurika kila masika. Fundi mmoja, jirani yetu, ametuambia miaka mitatu mfululizo kwamba kalavati ni dogo, maji hayapiti. Hakuna aliyeandika. Safari hii alikuja mgeni kutoka Ulaya. Akafutiwa kiti kwa leso, akasema lile lile kwa Kiingereza: kalavati ni dogo. Kalamu zikatoka. Fundi alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, anacheka peke yake.

Nayaleta haya kwako kwa sababu wanaotuchambulia uhusiano wa kimataifa huishia kwenye fedha na silaha. Kenneth Waltz, mwanazuoni wa Marekani, aliandika mwaka 1979 kwamba juu ya mataifa hakuna mtawala. Kisheria kila dola ni sawa na mwenzake. Kwenye karatasi, sawa. Ila kuna ukubwa na udogo unaokaa vichwani, na huo hauhesabiwi kwa vifaru.

Uliwahi hata kuandikwa. Mkataba wa 1919 wa Shirikisho la Mataifa, lililotangulia Umoja wa Mataifa, kifungu cha 22, ulituhesabu miongoni mwa watu wasioweza bado kusimama wenyewe, na Tanganyika ikakabidhiwa Uingereza. Mwaka huo huo, kule Paris kwenye mkutano wa amani baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Japani iliomba usawa wa mataifa na rangi utajwe katika mkataba. Wajumbe 11 kati ya 17 waliunga mkono. Rais Wilson wa Marekani, aliyeongoza kikao, akasema bila wote kukubali haipiti. Japani hiyo ilikuwa na manowari na ilikuwa upande wa washindi! (Nayo wakati huo ilikuwa imeikalia Korea. Anayedharauliwa naye hutafuta wa kumdharau.)

Frantz Fanon, daktari wa akili aliyefanya kazi Algeria, aliandika sana juu ya jeraha hili la kujiona mdogo. Sisi tunaliita kasumba.

Wala si lazima liendane na umaskini. Mwaka 1965 Ujerumani Magharibi ilitukatia msaada wa kijeshi kwa sababu ya ubalozi mdogo wa Ujerumani Mashariki hapa Dar. Nyerere akawaambia wachukue na uliobaki. Hatukuwa matajiri.

Baada ya kikao nilimuuliza fundi kwa nini hakunyoosha mkono.

“Niseme nini tena, Mwalimu? Si ameshasema?”

Mwalimu mstaafu,
Dar es Salaam