Salimu, Usiruke Aya

Leicester, Uingereza, Jumapili jioni

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo, watoto wanakusalimu. Picha za sarafu za kwenye kopo la biskuti la marehemu baba zimenifikia zote. Najua anayekusomea barua hii ni Salimu, kwa hiyo nawe mdogo wangu nakuomba: soma yote kwa sauti, usiruke aya.

Juzi nilizipeleka picha hizo kwa mzee mmoja mwenye meza ya sarafu sokoni. Aliikuza ya kwanza kwa vidole, akaguna, akauliza: "Nani amezisugua?" Mama, nilijua tu. Ndimu na majivu, kama sufuria za Idi. Kumbe wanunuzi wa sarafu huutaka ule weusi wa miaka. Ukishaung'oa, hata sarafu iliyokuwa na thamani hushuka bei, na haurudishwi.

Lakini usimgombeze Salimu sana, maana nyingi hazikuwa na bei ya kushuka. Chukua ile peni ya Malkia Victoria ya 1897. Salimu anasema imepita miaka mia na ishirini, basi lazima ni mali. Nami niliamini hivyo. Mzee akavuta bakuli chini ya meza, limejaa sarafu za shaba za Warumi, zina miaka zaidi ya elfu moja na mia sita, akaniambia nichague yoyote kwa pauni chache. Peni za Victoria zilitengenezwa kwa mamilioni, na watu waliendelea kuzinunulia mkate hadi 1971, Waingereza walipobadili hesabu ya pesa zao. Ndiyo maana baba alizipata kama chenji kila meli yake ilipotia nanga huku. Ile yetu uso wa malkia umelika, pua imebaki kidogo. Bei yake haifiki hata nauli yangu ya basi kwenda sokoni.

Peni inayotafutwa ni ya 1933, na hizo hazifiki kumi duniani. Yetu ya 1967 iko tele. Ile kubwa yenye sura ya Churchill, ya 1965, ambayo baba aliifunga kwenye kitambaa, zilitolewa zaidi ya milioni kumi na tisa, na nusu ya wazee wa huku wanayo kabatini, nao wameifunga kwenye kitambaa.

Sasa ile ya peni mbili iliyoandikwa "NEW PENCE", yaani peni mpya, ambayo Salimu ameiona kwenye video ikiuzwa maelfu ya pauni. Sarafu zote za peni mbili kuanzia 1971 hadi 1981 zina maneno hayo. Yaliondolewa 1982. Kosa lilitokea 1983, chache zikatoka na maneno ya zamani, na hizo ndizo zenye bei. Yetu ni ya 1971, Salimu. Soma mwaka. Na ile bei ya kwenye video ni ya muuzaji anayeomba. Hata mimi naweza kutangaza kiatu changu kwa milioni kumi.

Kitu kilichonishangaza ni kwamba zenye bei nzuri nyingine ni mpya. Kuna ya peni hamsini ya 2009, ina mnara wa Kew Gardens, bustani ya London, zilitengenezwa 210,000 tu. Tangu siku hiyo nakagua chenji yangu kama mhasibu. Sijaipata.

Msikate tamaa kabisa. Kuna zile nusu krauni mbili, sarafu za zamani za huku, zinazofanana. Ya 1948 ni shaba na nikeli tu. Ya 1918 ni madini ya fedha, asilimia 92.5. Kuanzia 1920 fedha ilipunguzwa ikawa nusu, na 1947 ikaondolewa yote. Hiyo ya 1918 mpelekeeni sonara aipime; ina gramu kumi na nne na ushee. Mtapata pesa ya bati mbili tatu, si ya nyumba.

Yule bwana anayetaka ada ili "azisajili benki ya Uingereza", asipewe hata senti. Benki Kuu ya huku hubadilisha noti zake za zamani, si sarafu.

Ile ya senti kumi yenye tundu, ya 1936, ni ya kwetu Afrika Mashariki. Ina jina la Mfalme Edward wa Nane, aliyeacha kiti Desemba mwaka huohuo. Waingereza hawakuwahi kutumia sarafu za mfalme huyo madukani mwao, sisi tulizitumia, kwa sababu penye tundu sura ya mfalme haikuhitajika. Bei yake ni ndogo, lakini mimi naitaka. Niwekee.

Pesa ya paa nitatuma mwisho wa mwezi.

Mwanao,
Hamisi

Salimu: ile ya tundu ni nyeusi bado, nimeiona pichani. Weka ndimu chini.