Rehema, kuhusu hiyo IL-6 yako

Kwako Rehema,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata, na majibu ya maabara nimeyasoma. Pole kwa viungo, hasa asubuhi vinapokaza.

Unauliza IL-6 ikipanda ni ugonjwa gani. Kwa kweli hakuna ugonjwa mmoja wa kuutaja. IL-6 ni mojawapo ya saitokini, yaani protini ndogo ambazo seli za kinga hupashana habari kwazo, nayo hupanda kwa baridi yabisi kama yako, kwa nimonia, kwa kuungua, hata kwa upasuaji. Ni kengele tu: inalia, haisemi mwizi kaingilia mlango upi. Tena hupanda na kushuka haraka, na tyubu ya damu ikikawizwa mezani, seli zilizomo zinaweza kuendelea kuitoa. Mimi jibu la IL-6 lisiloandikwa saa damu ilipochukuliwa silitilii maanani sana.

Ndiyo maana daktari wako anaitazama zaidi CRP. Hiyo ni protini ya damuni inayotengenezwa na ini likichochewa na IL-6. Hufika kileleni baada ya siku mbili hivi, na chanzo kikizimwa, hupungua nusu kila baada ya saa 19 hivi.

Sasa hiyo tosilizumabu, dawa utakayoanza kuchomwa. Haiizuii IL-6 isitengenezwe, inaziba kipokezi chake, yaani pale IL-6 inaponasa ili itoe amri yake. Na kwa kuwa kipokezi ndicho kilichokuwa kikiiondoa damuni, ukipimwa baada ya sindano utaikuta imepanda zaidi huku wewe unapata nafuu. Usishtuke. Cha kujihadhari nacho ni CRP, maana itaanguka hata kama una maambukizi. Ini halipati tena amri. Ukipata homa au kikohozi, nenda kwa daktari hata kama CRP yako inapendeza.

Kuhusu kupimwa kifua kikuu kwanza, hawakusumbui bure. Katika miaka ya 1990, Marc Feldmann na Ravinder Maini walionyesha huko London kwamba kuizuia saitokini nyingine, TNF, hutuliza baridi yabisi. Mwaka 2001 ikaripotiwa kwamba baadhi ya waliopewa infliksimabu, dawa ya kundi hilo, waliibukiwa na kifua kikuu. TNF ndiyo inayosaidia seli za kinga kuwazingira bakteria waliolala, ukiiondoa, wanatoka. Kwa hiyo siku hizi hupimwa hata anayeanza dawa kama yako.

Na kipimo chenyewe cha damu ni cha saitokini! Damu yako huchanganywa na protini za bakteria wa kifua kikuu, na seli zinazowakumbuka hutoa saitokini iitwayo intaferoni gama, ambayo ndiyo inayopimwa. Hapo namba ina uzito kuliko ile IL-6, kwa sababu seli zimeulizwa swali moja mahususi. Hata hivyo, haitenganishi ugonjwa uliolala na ulioamka, kwa hiyo wakitaka na picha ya kifua, kubali.

Jibu likitoka niandikie, na uniambie sindano ya kwanza ni lini.

Wako,
Salma