Tupime sebule kabla ya kuuliza bei ya runinga

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie jambo linalogusa nyumba nyingi za mijini, hasa hapa Dar es Salaam ambako wengi wetu tunaishi katika chumba na sebule: namna tunavyochagua ukubwa wa runinga. Ukiingia katika maduka ya vifaa vya umeme pale Kariakoo, swali la kwanza la muuzaji huwa ni kiasi cha fedha ulichonacho, na mazungumzo yote yanayofuata ni ya kupandisha inchi kadiri mfuko unavyoruhusu. Sijawahi kumsikia muuzaji akimuuliza mteja kochi lake liko umbali gani kutoka mahali runinga itakapokaa, ilhali swali hilo ndilo lingepaswa kutangulia.

Nianze na inchi zenyewe, kwa kuwa wanunuzi wengi hudhani zinapima upana. Inchi zilizoandikwa kwenye boksi hupima ulalo wa kioo, yaani kutoka kona ya chini ya upande mmoja hadi kona ya juu ya upande wa pili. Kioo cha inchi 43 kina upana wa sentimita 95 na kimo cha 54 hivi. Cha inchi 55 kina upana wa sentimita 122 na kimo cha 68. Na cha inchi 65 kina sentimita 144 kwa 81. Kutoka 43 kwenda 55 kunasikika kama hatua ndogo, lakini eneo la kioo huongezeka kwa zaidi ya asilimia 60, na hapo ndipo mtu anapofika nyumbani akakuta kabati alilochongewa na seremala halina pa kuipokea, au meza ni fupi kuliko nafasi iliyopo kati ya miguu miwili ya runinga. Vilevile inchi za leo si sawa na zile za zamani. Aliyehama kutoka runinga ya chogo ya inchi 21 kwenda bapa ya inchi 24 alipata upana zaidi, lakini kimo cha picha kilibaki karibu palepale, kwa sababu umbo la kioo limebadilika kutoka 4 kwa 3 na kuwa 16 kwa 9.

Sasa tuipime sebule. Chukua chumba cha futi 10 kwa 12, ambacho ni cha kawaida kabisa katika nyumba za kupanga, na uweke makochi yatazamane na runinga kwa upande wa futi 10. Kutoka ukuta hadi ukuta ni sentimita 305, lakini hakuna anayetazama akiwa ndani ya ukuta: mgongo wa kochi na mto wake humsogeza mtazamaji mbele kwa sentimita 50 hivi, na meza huisogeza runinga mbele kwa 25 nyingine. Umbali halisi kutoka machoni hadi kwenye kioo ni sentimita 230. Kanuni inayotumika sana, ambayo huhusishwa na chama cha wahandisi wa sinema na televisheni cha Marekani, SMPTE, ni kwamba kioo kichukue nyuzi 30 hivi za uwanda wa macho ya mtazamaji. Ukiigeuza kuwa hesabu nyepesi, maana yake ni kuugawa umbali huo wa sentimita kwa 4, na jibu ndilo idadi ya inchi. Hapa tunapata 57, na muuzaji aliyekuwa akisifia inchi 55 anaonekana kuwa na haki.

Angekuwa na haki kweli, lau picha zinazoingia sebuleni zingekuwa safi. Dar es Salaam ilizima mitambo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, na tangu siku hiyo watu wengi wamekuwa wakiamini kwamba king'amuzi na picha safi ni kitu kimoja. Sivyo. Dijitali ni njia ya kusafirisha picha, na picha hiyo, ambayo huundwa kwa mistari iliyopangwa kutoka juu hadi chini, inaweza kusafirishwa ikiwa na mistari 1,080 au ikiwa na mistari 576 tu, kama zinavyofanya chaneli zinazorushwa kwa kiwango cha kawaida. Mistari hiyo 576 ikitandazwa juu ya kioo cha inchi 55, kila mmoja unakuwa na unene wa zaidi ya milimita moja, na jicho zima huweza kuona kasoro hiyo mpaka mtu arudi nyuma kiasi cha mita 4. Katika sebule yetu, mita 4 ziko uani kwa jirani.

Mtazame mtu mwenye runinga ya namna hiyo anapofuatilia mechi ya ligi. Kamera ikitulia, uso wa kocha unaonekana vizuri. Mpira ukipigwa mbele na kamera ikauandama, nyasi zinageuka kuwa uji wa kijani, namba za jezi zinavunjika vipandevipande, na ukingo wa maandishi ya matokeo juu ya kioo unaanza kucheza. Mwenye nyumba hulaumu king'amuzi, hulaumu antena, humpandisha fundi juu ya paa, wakati tatizo ni kwamba ameipanua picha ndogo na kukaa karibu nayo mno. Kwa chaneli za kiwango hicho mimi hugawa umbali kwa 7 badala ya 4, na kwa sentimita 230 jibu linakuwa inchi 33.

Kwa hiyo kiti kilekile, katika sebule ileile, kinadai inchi 57 kwa picha safi na 33 kwa picha hafifu. Ndiyo sababu nashikilia kwamba mwenye sebule ya futi 10 ambaye bado anategemea chaneli za kawaida kwa sehemu kubwa ya utazamaji wake ananunua vizuri akichukua inchi 43, iliyo kati ya saizi hizo mbili, na anayetazama zaidi kwa intaneti au kwa king'amuzi kinachopokea picha za mistari 1,080 anaweza kwenda 50 au 55 bila kujuta. Kuhusu 4K, yaani picha ya mistari 2,160, ambayo wauzaji huitaja kwa sauti ya juu kuliko bei yenyewe, macho ya kawaida hayawezi kuitofautisha na mistari 1,080 katika kioo cha inchi 43 ukishavuka mita 1.7. Si dhambi kuinunua, lakini isiwe sababu ya kuongeza fedha.

Yupo atakayesema kwamba runinga kubwa inayotazamwa kwa karibu huharibu macho ya watoto. Hofu hiyo ina historia yake, kwa maana mwaka 1967 huko Marekani baadhi ya runinga za rangi za chogo ziligundulika kutoa mionzi kupita kiasi. Lakini runinga bapa hazina kabisa mtambo uliokuwa ukitoa mionzi hiyo. Mtoto anayekaa kwenye zulia mita moja kutoka kwenye kioo atachoka macho na shingo, hatapofuka. Akiwa kila siku anasogea, heri apimwe macho kuliko kukemewa.

Shingo ndiyo inayonipa wasiwasi zaidi. Siku hizi runinga inatundikwa karibu na dari, mithili ya zile za kumbi za kusubiria usafiri, ambako imewekwa juu kwa sababu watu wamesimama na mizigo inapita. Nyumbani tunakaa. Katikati ya kioo panapaswa kuwa karibu na usawa wa macho ya aliyeketi, yaani kiasi cha sentimita 100 hadi 110 kutoka sakafuni, na kadiri kioo kinavyokuwa kikubwa ndivyo kosa la kukipandisha linavyoumiza. Najua lawama si ya mpangaji peke yake: fundi umeme ameshaweka soketi juu kabisa ukutani, tena mara nyingi kwenye ukuta unaotazamana na dirisha, na mpangaji analazimika kuifuata soketi, kisha mchana kutwa anatazama mwanga wa dirisha ndani ya kioo. Wenye nyumba wanaojenga sasa wangewaagiza mafundi waweke soketi ya runinga kwenye kimo cha kiuno na mbali na dirisha, hakuna gharama ya ziada.

Wanaokaa kwenye kochi la pembeni, maana sebule nyingi hupangwa kwa umbo la L, wana tatizo lao pia. Baadhi ya vioo hupauka rangi mtu akivitazama kutoka ubavuni, na ukubwa hautibu hilo. Dukani, simama pembeni ya runinga inayowaka utazame rangi nyeusi na rangi za ngozi, kisha ndipo ulipe. Ama wenye vibanda umiza, yaani kumbi za mtaani za kuonyesha mpira, ambako mtazamaji wa mwisho yuko mita 6 nyuma, hesabu yangu ingewadai inchi 150; wao watafute projekta na kitambaa cheupe.

Kwa familia inayosita kati ya saizi mbili, kanga moja inatosha kumaliza ubishi. Kanga ina urefu wa mita moja na nusu hivi na kimo cha zaidi ya mita moja, kwa hiyo inaweza kukunjwa ifikie hata inchi 65. Ikunje iwe sentimita 122 kwa 68, ibandike ukutani mahali runinga itakapokaa, halafu kila mmoja akae mahali pake pa kawaida kwa jioni moja. Kisha ikunje tena iwe 95 kwa 54. Wanaolipia umeme kwa LUKU wakumbuke pia kwamba runinga ya wati 100 ikiwashwa saa 6 kwa siku hula uniti 18 kwa mwezi, na ya wati 40 hula uniti 7.

Ombi langu, Mhariri, ni kwa wenye maduka, na kama halitaitikiwa basi kwa Shirika la Viwango Tanzania. Karatasi ya bei inayobandikwa kwenye kila runinga ina nafasi ya kutosha kuandika upana na kimo cha kioo kwa sentimita, nafasi kati ya miguu yake, matumizi ya umeme kwa wati, na umbali wa kukaa kwa picha safi na kwa picha za kawaida. Ni mistari minne tu, na mteja anayekuja na vipimo vya sebule yake vilivyoandikwa kiganjani atajua ndani ya dakika moja runinga ipi ya kumwomba muuzaji aiwashe.

Wako,
Msomaji wa Tabata,
Dar es Salaam.