Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka wa Upawa

Ndugu wanachama wa chama chetu cha baiskeli, asalaam aleikum, na wazee wangu mlioketi mbele, shikamooni.

Katiba yetu inanipa robo saa, na Bi Katibu ameshaiweka saa yake mezani. Kwa hivyo mengine nitayapitia mbio. Mahesabu atayasoma mweka hazina mwenyewe, mimi simo. Ada wengi wamelipa, na wasiolipa wanajijua. Jezi bado ziko kwa fundi cherehani, na safari hii sitataja tarehe. Nilitaja mwaka jana, nikaaibika.

Muda uliobaki nautaka kwa ile safari ya baiskeli ya vilima vya Shimba, kule Kwale.

Mnakumbuka ilivyoanza. Kijana wetu mmoja alirudi kutoka Ulaya na picha za njia ya baiskeli inayopita ndani ya misunobari na kandokando ya mito, watu wanaendesha taratibu wamefunga mizigo kwenye keria. Akauliza, sisi mbona hatuna? Kikao kikacheka. Mombasa na misunobari wapi na wapi? Ndipo mzee wetu, aliyekula ujana wake kwenye biashara ya mbao, akasema misunobari iko pale juu Shimba, haihitaji ndege. Nami nilikuwa wa kwanza kumbishia. Nilidhani anasema mivinje, ile miti ya pwani inayofanana nayo.

Ubishi huo tuliutatua kwa baiskeli. Kwanza tulikwenda Bamburi na watoto, kwenye yale machimbo ya zamani ya saruji ambayo leo ni Haller Park. René Haller alianza kupanda miti pale mwaka 1971, kwenye mwamba mtupu wenye chumvi, na mvinje ni katika miti michache iliyokubali. Mizizi yake huishi na vijidudu vinavyonasa naitrojeni ya hewani, kwa hivyo haungojei mbolea ya mtu. Taabu ikawa majani: yalianguka yasioze. Wakaletwa majongoo, wakayala, na kinyesi chao ndicho kilichoanza udongo. Watoto hawakutaka kusikia habari ya twiga baada ya hapo, ni majongoo tu.

Pale ndipo nilipofundishwa tofauti. Kijani cha mvinje kina pingili. Ukikivuta huachia kwenye pingili, na ukiwa na subira unaweza kukirudisha kikasimama. Msunobari hauna pingili. Sindano zake hutoka kwa vishada, mbili mbili au tatu tatu, na ukizifikicha mkono unabaki na harufu ya duka la rangi. Mzee hakusema kitu. Alinitazama tu.

Sasa njia yenyewe. Zamani ukienda Kwale kwa baiskeli ulikuwa huna budi kuvuka feri ya Likoni mara mbili, kwenda na kurudi. Barabara ya Dongo Kundu imebadilisha hilo. Tunavuka feri alfajiri, tunapita Ng'ombeni, Waa na Matuga, tunakata kulia Kombani, tunapanda hadi Kwale. Kurudi tunashuka ile ile mpaka karibu na Ng'ombeni, tunaingia Dongo Kundu, tunavuka daraja la Mteza na la Mwache, tunatokea Miritini. Mama mmoja kwenye kikao alisema huo si mzunguko, ni upawa: kifuu cha duara na mpini mrefu uliochomoza kwenda Kwale. Jina likashika, na sasa hata ujumbe wa simu husema tu "Jumapili, upawa".

Kwale si mbali, kama kilomita 30 kutoka mjini, lakini mji uko karibu mita 400 juu ya bahari, na sehemu kubwa ya mwinuko imewekwa mwishoni. Hadi Kombani unajiona bingwa. Baadaye miguu inakuonyesha umri wako. Wakati wa kusi upepo unakuja usoni tangu Likoni, basi wanaoanza kwa pupa ndio tunaowakuta Vuga wameketi chini ya mwembe wakijidai wanarekebisha gia.

Ndani ya hifadhi hatuendeshi. Nalisema wazi kwa sababu wapo wanaonisumbua kila wiki. Pana ndovu na nyati mle, na nyati hajui kuwa wewe ni mtalii. Tunaacha baiskeli langoni, tunaingia kwa gari na kwa miguu pamoja na askari wa wanyamapori. Shimba Hills ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1968, lakini misunobari ilipandwa na watu wa misitu kwa ajili ya mbao, ndiyo maana imesimama kwa mistari. Ukitoka kwenye msitu wa asili, wenye kelele za ndege na vyura, ukaingia kwenye misunobari, unahisi mtu amezima redio. Chini hakuoti kitu ila zulia la sindano, na kiatu hakitoi sauti. Wengine waliona pazuri mno. Mimi, mtaniwia radhi, niliona pazuri kwa dakika kumi, kisha nikataka vyura wangu.

Palahala, yule swala mkubwa, tulimwona mmoja, dume jeusi, pembe zimepinda nyuma kama jambia mbili. Kenya nzima hawapatikani porini ila pale. Aliturudishia mgongo bila haraka.

Tukateremka kwa miguu hadi maporomoko ya Sheldrick, mita 21 za maji. Tulikwenda mwisho wa masika, maji yakiwa mengi na njia ikiwa utelezi, na niliowaambia wavae viatu vya kushika wakavaa ndara. Pale bwawani mzee alitukalisha akatuuliza maji haya twayajua? Tukasema hapana. Akasema twayajua tangu utotoni: chemchemi za Marere ziko kwenye vilima hivi hivi, na maji yake yaliletwa Mombasa kwa mabomba tangu enzi ya mkoloni. Vilima ni vya mawe ya mchanga, hunywa mvua na kuitoa pole pole. Mto Pemba na mto Mkurumudzi vilevile huanzia huko. Kijana wa picha za Ulaya alinyamaza, akajaza chupa yake.

Nisimalize bila kuungama. Mteremko wa Golini ulinishinda. Raba za breki yangu zilikuwa zimeisha, nami nikajiambia zitanifikisha. Nilibana breki moja kwa moja tangu juu badala ya kubana na kuachia, rimu ikapata moto, breki ikawa kama kubana maji, nikaacha lami nikaingia kwenye shamba la mihogo. Mwenye shamba, bibi wa makamo, alisimama na jembe akaniuliza, "Baba, umekuja kulima au kuvuna?" Mihogo niliilipia kwa mfuko wangu, haimo kwenye mahesabu. Tangu siku hiyo kila baiskeli hukaguliwa breki kabla ya feri, na yangu ndiyo ya kwanza.

Lililomo kwenye mahesabu ni tyubu. Kamati ilinunua tyubu za akiba kwa bei ya kutupa kwenye duka moja ambalo sitalitaja, na dukani hatukufungua boksi hata moja. Zilikuwa za vali nene, kama ya gari. Baiskeli zetu nyingi zina tundu dogo kwenye rimu, la vali nyembamba. Ile nene haipiti. Duka likakataa kuzipokea. Mwanachama mmoja alipendekeza tutoboe rimu. Nilikataa na nakataa tena, rimu ikitobolewa pale penye mvuto wa spoku huirudishi. Kosa ni la kamati, yaani langu. Siku ile tuliokolewa na fundi wa Vuga. Aliikwaruza tyubu kwa msasa, akapaka solusheni, akaiacha ikauke huku sisi tukimharakisha, na hakugusa kiraka mpaka alipoijaribu solusheni kwa mgongo wa kidole. Kisha akaizamisha kwenye beseni, hakuna povu hata moja. Tyubu hiyo bado inafanya kazi.

Limebaki lile la mashindano. Wapo wanaotaka upawa upimwe kwa saa, kwa ile programu ya simu, na atakayewahi Miritini apewe kikombe. Sina chuki na mbio. Lakini pale daraja la Mteza tulisimama jioni, maji yanapwa, mikoko imetoa mizizi, mvuvi katika mtumbwi anakung'uta nyavu, na waliokuwa wanafukuza saa walikuwa wameshapita Mwache. Kisha kutoka Miritini hadi Changamwe ni malori ya bandari mwanzo mwisho, na hapo sitaki mtu awe peke yake mbele wala nyuma. Kanuni yetu ya wa mwisho ndiye mwenye kupanga mwendo ilitungwa kwa kipande kile. Wanaotaka kikombe nimewaomba wakitafutie njia isiyo na malori, wailete kwenye kamati, tutaizungumza bila nongwa.

Hoja mbili nawaachia mpige kura leo: kwanza, tyubu zile za vali nene wapewe watoto wa mtaani wenye baiskeli za rimu zenye tundu pana, pili, fundi wa Vuga alipwe posho kila tukipanda, pancha iwepo au isiwepo.

Upawa unaofuata ni Jumapili baada ya mfungo kwisha. Tukutane upande wa kisiwani wa feri baada ya sala ya alfajiri. Njooni na vali nyembamba, maji chupa mbili, na viatu. Ndara nitazirudisha nyumbani mwenyewe.