Daraja Lipi? Barua ya Wazi kwa Vijana wa Moshi Waliopata Daraja la Nne

Wajukuu zangu,

Marahaba. Tangu matokeo ya kidato cha nne yatoke, naona mnazunguka njia ya nyuma ili msipite mbele ya baraza yangu hapa Majengo. Juzi nilimwuliza binti mmoja wenu habari za nyumbani, akainamisha kichwa: "Babu, mimi ni daraja la nne." Hakusema amepata. Alisema yeye ni. Usiku ule usingizi ulinipaa.

Neno hilo nimelifanyia kazi miaka mingi, kwa maana nilikuwa mpangaji wa madaraja ya kahawa hapa hapa Moshi. Kahawa ikishakobolewa hupitishwa kwenye machekeche yenye matundu ya vipimo mbalimbali. Punje inayobaki juu ya chekeche namba 18, lenye tundu la milimita 7 na ushei, huitwa AA. Zilizo ndogo kuliko hiyo ni A, kisha B, hivyo hivyo kushuka. Lakini chekeche halionji, wajukuu zangu. Linapima ukubwa basi. Ladha ni kazi ya waonjaji, katika chumba chao, kijiko mkononi, wanaivuta kahawa kwa mlio na kuitema. Nimewahi kuona B ya shamba moja ikisifiwa mezani pao kuliko AA ya shamba jingine.

Halafu kuna PB. Kwa kawaida tunda la kahawa hubeba punje mbili, zimegusana kwa upande bapa. Mara chache huota punje moja tu, ikajaa peke yake ikawa mviringo kama njegere. Mgeni angedhani ina kasoro. Sisi tuliitenga, tukaipa daraja lake, na wapo wanunuzi wanaoitafuta hiyo hiyo.

Tazameni na herufi zinavyogeuka. Kwenye cheti chenu A ndiyo ya juu. Kwenye leseni, A ni ya pikipiki, D ya gari dogo la mtu binafsi, C ya kubeba abiria. Hakuna dereva wa basi anayelia kwamba hakupata A. Mwalimu wa serikali naye akipandishwa daraja hutoka B kwenda C, na C kwenda D, na nyumbani wanachinja kuku. Daktari wa meno akisema atakuwekea daraja, anazungumzia jino la bandia linaloshikiliwa na majirani zake wawili. Na mkienda Arusha mnavuka daraja la Kikafu.

Neno tulilipata kwa Waarabu, na asili yake ni pa kukanyagia wakati wa kupanda. Kidato nacho ni hivyo hivyo: mkwezi wa mnazi huchonga vidato kwenye shina ili apate pa kuweka mguu. Basi mmetoka kwenye kidato mkapewa daraja, na mmekaa chini kana kwamba mmefika mwisho wa shina.

Sitawadanganya kwamba matokeo hayana uzito. Yana uzito, na wazazi wenu walilipa kwa jasho. Ila jueni yanapima nini. Wanachukua masomo saba uliyofanya vizuri zaidi, A inahesabiwa pointi 1 na F pointi 5, wanajumlisha. Ukipata 7 hadi 17 ni daraja la kwanza. 26 hadi 33 ni la nne. Jumla hiyo inaficha mambo. Yule binti nilimwomba anionyeshe karatasi yake: Kiswahili C, Baiolojia C, Hisabati F. Hizo C mbili hakuwa amemwambia mtu, hata mama yake.

Anayetaka kurudia anaweza kujisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea. Anayependa ufundi, chuo cha VETA kipo hapa hapa Moshi, aende mwenyewe akaulize fani zilizopo. Wazazi, nanyi nawaomba: msimtambulishe mtoto kwa wageni kwa namba ya daraja lake.

Jumamosi baada ya saa kumi nitakuwa barazani. Njooni na karatasi zenu, tuzisome somo kwa somo. Chai itakuwepo, na kahawa kwa anayeiweza.

Babu yenu,
Majengo, Moshi