Risala ya Klabu ya Mazingira kwa Mgeni Rasmi: Kaboni na Kura

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Kwa niaba ya wanachama wa klabu, tunakukaribisha kwa mikono miwili. Kupata saa moja yako katika msimu huu wa kampeni si jambo dogo.

Mheshimiwa, mwaka huu hatukupanda miti tu. Tulifuatilia pia sera za kaboni, yaani za kutoza au kubana gesi zinazoongeza joto duniani, zinavyofika kwenye sanduku la kura, hasa katika ngazi ya jimbo. Majimbo mawili jirani yametufunza mengi.

British Columbia, nchini Kanada, ilianzisha kodi ya kaboni Julai 2008 kwa dola 10 za Kanada kwa tani, na fedha zikarudishwa kwa kupunguza kodi nyingine. Mwaka 2009 wapinzani waliahidi kuifuta, wakashindwa uchaguzi. Lakini ilipofika dola 80, na maisha yamepanda, uchaguzi wa 2024 ulikuta vyama vyote viwili vikubwa viko tayari kuachana nayo. Aprili 1, 2025 wananchi wakaondolewa kodi hiyo. Viwanda vikubwa vinaendelea kulipia.

Ng'ambo ya mpaka, wapiga kura wa jimbo la Washington, Marekani, walikataa tozo ya kaboni 2016, wakaikataa tena 2018. Mwaka 2021 wabunge wakapitisha sheria ya kuweka ukomo wa gesijoto, wachafuzi wakubwa wanunue mnadani vibali vya kutoa gesi hizo. Ilipoanza kazi 2023, kelele za bei ya petroli zikawa nyingi. Novemba 2024 wananchi wakaulizwa kama ifutwe. Zaidi ya asilimia 60 walikataa.

Sisi tunaona sababu kubwa ya sheria ya Washington kunusurika ni kwamba pesa yake ilionekana. Huko vijana wa miaka 18 kushuka chini wanapanda mabasi ya umma bure, na fedha za mnada zinachangia. British Columbia ilirudisha fedha kwa kupunguza kodi, lakini nani huangalia hati ya mshahara akafurahia kodi ambayo hakukatwa? Bei ya mafuta, kwa upande wake, imeandikwa kwa tarakimu kubwa barabarani.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, ombi letu si fedha, ingawa mhazini ametutaka tuseme kwamba mfuko ni mtupu. Utakapoongoza midahalo ya wagombea, asipigiwe makofi mtu kwa kusema tu anajali mazingira. Waulize watapunguza tani ngapi, kufikia mwaka gani, nani atalipa, na mwananchi atauonaje huo mchango wake. Na kiwanda kikihamia jimbo jirani lisilo na tozo?

Hilo la mwisho lilitugombanisha klabuni. Wengine walitaka bidhaa zitozwe mpakani, wakajibiwa kuwa jimbo halina mamlaka ya forodha. Wengi wetu tunaona afadhali majirani waungane katika soko moja la vibali, kama majimbo ya kaskazini mashariki mwa Marekani yalivyofanya tangu 2009 kwa mitambo ya umeme.

Wengi wetu hatujafikia umri wa kupiga kura. Majibu ya wagombea tutayabandika kwenye ubao wa klabu, na hayatabanduliwa hadi uchaguzi ujao.

Tunaomba kuwasilisha.