Kabla hujafunga virago

Houston, Texas

Baba Zawadi,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, ila joto la huku limetuonea. Ujumbe wako wa Jumapili niliusikiliza mara mbili. Eti uhamie Texas, uuze hisa zako na ile nyumba ya kupangisha ya Minneapolis, kule Minnesota, usilipe hata senti ya kodi? Ngoja kwanza, kabla hujafunga virago.

Kweli Texas haina kodi ya mapato. Wapiga kura waliifungia mlango kwenye katiba ya jimbo mwaka 2019. Lakini IRS, mamlaka ya kodi ya serikali kuu ya Marekani, haiulizi unalala jimbo gani. Hisa ulizokaa nazo zaidi ya mwaka mmoja, serikali kuu hukata asilimia 15 ya faida kwa wengi wa kipato chetu. Ukiuza kabla mwaka haujapita, faida inahesabiwa kama mshahara. Mimi niliziuza zangu zikiwa na miezi kumi na moja, nikijiona mjanja wa Texas. Aprili, msimu wa kodi, ilipofika nilinywea.

Sasa nyumba, na hapa ndipo unapojidanganya. Wewe utahama, kiwanja hakihami. Faida ya nyumba iliyoko Minnesota hutozwa na Minnesota, hata ukitia sahihi ukiwa umekaa barazani kwangu. Na jimbo lenu halina kiwango nafuu kwa faida ya muda mrefu: linaichanganya na mapato mengine, ngazi ya juu kabisa ikiwa asilimia 9.85. Tena miaka yote hii umekuwa ukidai uchakavu wa jengo ili kodi ipungue, sivyo? Siku ya kuuza IRS wanaukumbuka: sehemu hiyo ya faida wanaweza kuitoza hadi asilimia 25. Muulize Mama Zawadi, yeye ndiye mwenye risiti. Ule msamaha wa faida ya hadi dola 500,000 kwa mke na mume ni wa nyumba mliyoishi wenyewe angalau miaka miwili kati ya mitano kabla ya kuiuza. Ile mmewaachia wapangaji tangu Zawadi hajazaliwa.

Hisa ndizo zenye nafuu. Ukishahama kweli, Minnesota haina dai kwenye faida yake. Kuhama kweli ni leseni, kadi ya kura, watoto shuleni huku. Ukibaki na pa kulala kule na ukakaa siku 183 kwa mwaka, watakuhesabu wao. Kwa hiyo hama kwanza, uza baadaye.

Ile ploti yangu ya Kitengela niliiuza mwaka jana. KRA, watoza kodi wa Kenya, walichukua asilimia 15 ya faida (hadi mwisho wa 2022 ilikuwa 5, laiti ningewahi!). IRS nao walitaka kuiona, maana mkazi wao wanamfuata popote duniani, ila nilicholipa Kenya kilipunguza deni langu la hapa. Texas hawakuuliza kitu.

Wana njia yao lakini. Bili ya kodi ya kumiliki nyumba lazima ilipwe kufikia tarehe 31 Januari, na Mama Neema huificha mpaka nimalize kula.

Nitafutie karatasi ya bei mliyonunulia ile nyumba, halafu unipigie jioni.

Wako,
Baba Neema